Sola kwenye paa lenye kenchi za mbao: moto, betri na maji ya mvua

Paa_la_Bati

Wakuu, habari za kazi. Mchoro uko hatua ya mwisho kabla vifaa havijapandishwa juu, na nauleta hapa upekuliwe.

Paa ni mabati juu ya kenchi za mbao, na dari nayo ni ya mbao. Vifaa ni paneli 10 za wati 550 (lebo yasema volti 49.9 bila mzigo, mkondo wa shoti ampea 13.9, fyuzi isizidi ampea 25). Inveta ni ya haibridi, kilowati 5, ina MPPT mbili (viingilio vya paneli, kila kimoja hujitafutia nguvu ya juu) na kikomo chake upande wa paneli ni volti 500. Betri ni lithiamu aina ya LFP (ya chuma na fosfeti), volti 51.2, ampea-saa 200. Kuna pia betri 4 za zamani za risasi, volti 12 ampea-saa 200 kila moja, zinazotakiwa kuondoka.

Mpango ulivyo: paneli zote 10 zifungwe mfululizo, kwa kuwa 49.9 mara 10 ni 499, chini ya 500. Swichi ya kukatia DC (umeme wa mkondo mnyoofu utokao kwenye paneli) ikae paani kando ya paneli. Kebo za milimita za mraba 4 zipite ndani ya dari kwenye bomba la plastiki. Betri ikae juu ya dari au chini ya ngazi, palipo na nafasi.

Maji ya mvua ya paa hilo huingia tangi la matumizi ya nyumbani, kunywa kukiwemo. Halafu kuna mti mkubwa unaotia kivuli kuanzia saa tisa alasiri.

Maswali: moto ukitokea utaanzia wapi hasa? Fyuzi ziwekwe wapi? Maji yatabaki salama? Na betri za zamani zifanywe nini?

---

Koleo_na_Mega

Tuanze na 499, maana hiyo namba ni ya maabara, seli ikiwa na nyuzi 25. Paneli ikipoa volti hupanda. Kwa paneli nyingi za silikoni ni karibu asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja. Alfajiri ya nyuzi 5 ni nyuzi 20 chini ya kipimo, yaani nyongeza ya asilimia 5.4, na stringi yako (paneli zilizofungwa mfululizo) inafika volti 526. Jua likichomoza kwenye anga safi, inveta inapokea hizo 526 kabla haijaanza kuvuta mzigo wowote, na dhamana haifidii kosa la hesabu.

Gawa stringi mbili za paneli 5, kila moja kwenye MPPT yake. Alfajiri hiyo hiyo utapata karibu 263. Mchana seli zikifika nyuzi 65, volti za kazi zitashuka hadi kama 180, kwa hiyo hakikisha 180 imo ndani ya masafa ya MPPT ya inveta hiyo.

Mgawanyo huo unajibu pia suala la fyuzi upande wa paneli: hazihitajiki. Fyuzi za stringi huingia pale stringi 3 au zaidi zinapofungwa sambamba, kwa sababu moja ikipata hitilafu, mbili nzima huirudishia ampea 27.8, na lebo yako imesema mwisho 25. Kwako kila stringi iko peke yake, hakuna wa kuirudishia mkondo.

Ila mtu asidhani fyuzi ya paneli ni kinga ya moto. Paneli ikifanya kazi kwa nguvu zote hutoa kama ampea 13.1, ukiipiga shoti hutoa 13.9. Hakuna fyuzi wala breka inayoweza kutofautisha hizo mbili. Umeme wa gridi ukipigwa shoti hupanda kwa mamia ya ampea na breka inaruka. Sola ikipigwa shoti inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukiongeza kwamba AC (umeme wa gridi) ya hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na kila ikipita cheche hupata nafasi ya kufa, ilhali DC haipiti sifuri kamwe, utaelewa kwa nini tao la umeme (cheche isiyokatika) la sola likishawaka linabaki likila plastiki na shaba mpaka pengo liwe kubwa mno au jua litue.

Sasa, litaanzia wapi? Kwenye viungo. Kioo cha paneli hakiwaki chenyewe. Chukua kiungo cha MC4 (konekta ya kebo za paneli) kinachopitisha ampea 13. Kikiwa kizuri, ukinzani wake hauzidi nusu ya miliomu, na joto lake ni chini ya sehemu moja ya kumi ya wati. Kikibanwa ovyo ukafika omu 0.1, ni wati 17 ndani ya kijiplastiki cha ukubwa wa kidole gumba. Ukifika omu 0.5 ni wati 85, hiyo ni solda ya fundi redio iliyofungiwa chini ya paneli kutwa nzima.

Makosa ya kiungo ni yale yale. La kwanza ni kuchanganya chapa: konekta mbili za watengenezaji tofauti huingiana, hulia «klik», lakini springi, madini ya mguso na mpira wa kuzuia maji havikupimwa pamoja. Soma karatasi ya paneli ujue chapa iliyofungwa kiwandani, nunua hiyo hiyo kwa ncha zako. La pili ni kubana kwa koleo la kawaida. Tumia koleo la MC4 lenye taya za ukubwa wa waya wako. Pini ya milimita 4 si ya milimita 6. Menya kama milimita 7 bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, bana, kisha vuta kwa mkono kwa nguvu. Ikichomoka, shukuru imechomokea chini. Sukuma pini hadi ilie, kaza nati ya nyuma kwa spana yake, na ncha ambazo bado hazijaunganishwa zifunike. Vumbi na mvua vikiingia kabla ya kuunganisha havitoki tena.

Kebo iwe ya sola yenyewe, H1Z2Z2-K, yenye ngozi mbili na inayohimili jua. Milimita 4 zinatosha kwa ampea hizi. Isilale juu ya bati. Bati hupanuka na kunywea kila siku na makali yake ni msumeno wa polepole. Ifunge kwenye reli kwa klipu za chuma cha pua. Zile tai za plastiki hukauka juani, hukatika, kisha konekta inaning'inia ikipigwa na upepo.

Kabla ya kuwasha: pima volti ya kila stringi na mwelekeo wa chanya na hasi (stringi zako mbili zisitofautiane zaidi ya asilimia chache), kisha piga mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kati ya kila ncha na waya wa ardhi. Chini ya megaomu 1 usiwashe. Andika namba hizo mahali, maana mwakani ndizo utakazolinganisha nazo.

Na inveta ikigoma asubuhi ya mvua ikitoa hitilafu ya insulesheni, wengi husubiri ikauke wakaizima na kuiwasha. Mvua hapo imekuonyesha ngozi ya kebo ilipochubuka. Mchubuko wa kwanza hauchomi kitu. Ukija wa pili, mkondo unapata njia kupitia fremu na bati, na hapo ndipo mbao huanza kunusa moto.

---

Ngazi_Ndefu

Nakubaliana na yote, ila swichi ya paani mimi ningeiacha. Zimamoto wakifika wakute umeme umekatwa pale pale kwenye chanzo, kebo inayoshuka isiwe na kitu.

---

Reli_ya_Alumini

@Ngazi_Ndefu, nia ni njema, ila Australia walijaribu hilo. Kiwango chao cha 2012 kililazimisha swichi ya DC juu ya paa, na swichi zenyewe zikawa chanzo cha moto: kasha linapigwa na jua, mpira unapasuka, maji yanaingia kwa glendi (kifungio cha kebo kwenye kasha) ya juu, kutu inaota kwenye mguso, yanayofuata unayajua. Toleo la 2021 likaondoa sharti hilo. Hata uchunguzi uliofanywa Uingereza kuhusu mioto ya sola ulikuta swichi za DC zikiongoza kati ya vifaa vilivyoanzisha moto.

Isitoshe, swichi inakata kuelekea chini tu. Paneli na nyaya zilizo juu yake zinabaki na volti 250 muda wote kuna mwanga. Kinachozima paneli yenyewe ni vifaa vya kukatia vinavyofungwa nyuma ya kila paneli. Kanuni za Marekani tangu toleo la 2017 zinataka volti zishuke chini ya 30 ndani ya sekunde 30 nje ya eneo la paneli, na hadi 80 ndani ya eneo hilo. Ni kitu kizuri, lakini hesabu viungo: kila kifaa kinaongeza viungo viwili vya MC4, kwa paneli 10 ni viungo 20 zaidi, na tumeshakubaliana moto unaanzia kwenye viungo. Kwa jengo la ghorofa lenye watu wengi ningevifunga. Kwa paa hili ningetumia njia rahisi: DC isiingie ndani kabisa.

Yaani kebo ishuke ukutani kwa nje ndani ya bomba la chuma lililounganishwa na waya wa ardhi, inveta na swichi vikae chini, kivulini. Kukiwa hakuna kebo ya DC ndani ya dari, mjadala wa kuikata paani unaisha. Ikilazimika kupita ndani, basi bomba la chuma, njia fupi, na bila kiungo hata kimoja katikati.

Swichi iwe ya DC kweli, daraja la DC-PV2, volti zake zizidi 263. Kasha liwe IP65 (haliingizi vumbi wala maji) au zaidi na glendi ziingie kwa chini. Kebo ipinde kidogo kabla ya glendi ili tone la mvua lidondoke hapo. Ukitumia breka ya DC badala ya swichi, angalia kama ina alama za chanya na hasi. Breka za aina hiyo zina sumaku ya kupuliza tao upande mmoja. Ukizigeuza hulipuliza ndani ya breka, na siku ya kukata mzigo itawaka mkononi. Breka ya AC upande wa DC hata tusiijadili.

---

Kisanduku_Kijivu

Betri. Juu ya dari hapana, chini ya ngazi hapana. Juu ya dari kuna joto linaloua betri, kuna mbao, na hakuna mtu wa kuona moshi. Chini ya ngazi ndiyo njia ya watu kutokea. Mwongozo wa Uingereza wa 2024, PAS 63100, unakataza darini, vyumba vya kulala na njia za kutokea, na sababu zake hazibadiliki ukivuka mpaka.

Weka ukutani kwa nje penye kivuli, au chumba cha vifaa chenye ukuta wa tofali au zege. Nyuma yake kusiwe na ubao. Kama ukuta ni wa mbao, weka bamba la saruji. Mlango na dirisha la karibu viwe angalau mita 1, kwa sababu gesi ya betri iliyopasuka hutafuta upenyo wa kuingia ndani.

LFP ni tulivu kuliko lithiamu nyingine, ila «tulivu» watu huisikia kama «haiwaki». Seli zake zikipata joto kupita kiasi hutoa moshi mweupe wenye hidrojeni, monoksidi ya kaboni na floridi ya hidrojeni. Moshi huo ukijaa chumba kilichofungwa unaweza kulipuka bila hata mwali kuonekana mwanzoni. Ukiuona, toka, funga mlango, usirudi kufungua ili «hewa iingie». Kizimamoto cha unga huua mwali tu, hakipozi seli, na betri huweza kuwaka tena saa nyingi baadaye. Kinachopoza ni maji mengi, na hiyo ni kazi ya zimamoto.

Fyuzi ambayo umeisahau ndiyo muhimu kuliko zote. Kilowati 5 kwa volti 44 (betri ikikaribia kuisha), ukijumlisha upotevu wa inveta, ni karibu ampea 123. Zidisha kwa 1.25 upate 154. Fyuzi ya ampea 160, aina ya T au ya visu, kebo ya milimita za mraba 50, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka ncha chanya ya betri. Usiweke breka ndogo ya kiloampea 6: betri ya lithiamu ikipigwa shoti inamwaga maelfu ya ampea kwa mkupuo, na breka hiyo inaweza kulehemeka ikabaki imefunga. Fyuzi ya T hukata hadi kiloampea 20.

Lagi (vichwa vya shaba vya ncha) za kebo hiyo zibanwe kwa koleo la haidroliki. Boliti ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha piga mstari wa rangi juu ya nati ili ikilegea ionekane. Lagi ikilegea huchemka: ampea 120 kwenye omu 0.01 ni wati 144.

Na betri za zamani zisiungwe sambamba na mpya hata kwa siku moja ya kujaribu. Volti za kuchaji hazifanani.

---

Tangi_na_Gata

Nachukua maji, mti na taka.

Paneli nzima haina cha kumwaga kwenye maji. Seli zimefungwa katikati ya kioo na plastiki. Wasiwasi wa kawaida ni kinyesi cha ndege na sabuni ya kuoshea. Osha kwa maji matupu na brashi laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto, na bomba la kuingilia tangi liwe limechomolewa. Kama huna kifaa cha kumwaga maji ya mwanzo wa mvua, kifunge sasa wakati mafundi wako juu.

Paneli ikipasuka mambo hubadilika. Paneli nyingi za silikoni zina risasi kidogo kwenye lehemu za nyuzi zake, na maji yakishaingia pia huleta uvujaji wa umeme kwenye fremu. Iondoe ndani ya siku chache, na kwa utaratibu: simamisha inveta, zima swichi ya DC, hakikisha kwa klampu mita kwamba mkondo ni sifuri, ndipo ufungue MC4. Kuchomoa MC4 yenye mzigo ni kujiwashia tao usoni. Paneli iliyopasuka bado inazalisha, kwa hiyo igeuze kifudifudi au ifunike kwa turubai zito jeusi.

Baada ya moto, kata njia ya tangi kabla ya mvua ya kwanza, na maji yaliyozimia moto yasiingie humo. Karatasi ya nyuma ya paneli nyingi ni plastiki yenye florini, moshi wake una asidi kali. Vipande vya kioo hupeperushwa mbali na moto, viokotwe kwa mkono hata kwenye nyasi, hasa kama kuna mifugo.

Nafasi kati ya bati na paneli iwe sentimita 10 hadi 15, na kingo zote zizungushiwe wavu wa chuma. Majani makavu na viota vya ndege ndivyo kiberiti cha chini ya paneli. Moto ukianza hapo, paneli hugeuka kifuniko cha chungu: joto linarudishwa chini badala ya kupanda. Mti huo basi unakuhusu mara mbili, kivuli na majani. Mimi sikati mti kwa kivuli cha saa tisa. Paneli zinazopatwa na kivuli ziweke kwenye stringi moja, ile nyingine ibaki juani. Tayari una MPPT mbili. Pogoa matawi yanayoning'inia juu ya paa. Gata isafishwe kila majani yanapopukutika.

Betri za risasi: moja ya ukubwa huo ina kilo 60 hivi, zaidi ya nusu yake ni risasi. Una zaidi ya kilo 120 za risasi hapo. Habari njema ni kwamba risasi hurejelezwa karibu yote na ina thamani; habari mbaya ni jinsi thamani hiyo inavyowavuta wanaomwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi uani. Usimpe mtu anayetaka zikiwa zimemwagwa asidi. Zisafirishe zimesimama wima, ncha zimefunikwa kwa tepu, ndani ya trei ya plastiki. Asidi ikimwagika, nyunyiza bikaboneti ya soda mpaka povu likome.

Kwa paneli zenyewe, muulize muuzaji kwa maandishi nani atazipokea zikizeeka. Umoja wa Ulaya uliziingiza paneli kwenye sheria ya taka za umeme mwaka 2012, mtengenezaji analazimika kuzipokea. IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, ilikadiria mwaka 2016 kwamba taka za paneli zinaweza kufika tani milioni 78 kwa jumla ifikapo 2050. Kwa hiyo zifunge kwa klampu na boliti za chuma cha pua, si kwa gundi, ili zitoke nzima. Paneli ya miaka 20 iliyotoka nzima ikapita mega bado inafaa kusukuma pampu ya maji.

---

Paa_la_Bati

Shukrani wakuu. Mchoro mpya: stringi 2 za paneli 5, kebo kwa nje ndani ya bomba la chuma, inveta na betri kwenye ukuta wa tofali upande wa kivuli, fyuzi ya T ampea 160. Swichi ya paani imefutwa.

Limebaki moja. Zimamoto wakija, waambiwe nini, na kizimamoto gani kikae karibu na inveta?

---

Reli_ya_Alumini

Kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi au unga, kilo 5 hivi, kikae mita chache kutoka kwenye inveta, upande unaotokea wewe. Kikining'inizwa juu ya inveta yenyewe hutakifikia.

Zimamoto wanahitaji karatasi moja isiyoharibika na maji, ibandikwe kwenye mita ya umeme: mchoro wa paa ukionyesha paneli zilipo, njia ya kebo kwa rangi nyekundu, swichi ya AC na ya DC, betri ni ya aina gani na iko wapi. Andika kwa herufi kubwa kwamba paneli zina volti 250 mchana hata swichi ikizimwa. Mwongozo wa Ujerumani, VDE 0132, unawapa umbali wa mita 1 kwa maji ya kunyunyiza na mita 5 kwa maji ya mkondo mnene, kwa DC isiyozidi volti 1500. Andika namba hizo hapo chini. Na wasitegemee povu kuzima paneli: huteleza kwenye kioo na mwanga unapita.

Bandika nakala ya pili ndani ya kasha la swichi ya DC. Ya nje ndiyo hufifia kwanza.